Sauti ya Mnyonge Katika Masikio ya Wageni: Remmy Ongala, Maniema na Hadhira ya Ng'ambo

Mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Uingereza, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanzishwa, ilitoa albamu ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila. Nyimbo zake zilirekodiwa katika studio za kampuni hiyo zilizoko kijiji cha Box, Wiltshire, na albamu ikapewa jina la Kiingereza, Songs for the Poor Man. Ndani yake mna wimbo uitwao "Sauti ya Mnyonge". Mtu anayezijua lugha zote mbili hawezi kuyapita majina haya mawili bila kusita. Anayetajwa juu ya jalada ni maskini; anayetajwa ndani ni mnyonge. Maskini ni mtu asiye na mali. Mnyonge ni mtu asiye na nguvu, anayeonewa na asiye na wa kumtetea; huenda akawa na mali kidogo na bado akawa mnyonge mbele ya karani, mbele ya askari, mbele ya mwenye nyumba. Isitoshe, kwa msikilizaji wa Tanzania neno "unyonge" lilikwisha kubeba uzito wa kisiasa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambamo ni miongoni mwa maneno makuu. Uzito huo haukuvuka bahari pamoja na jina la albamu.

Huu ni mfano mdogo, lakini unafungua mlango wa suala ambalo uhakiki wa nyimbo za dansi haujalishughulikia ipasavyo: msanii wa Kiswahili anapopata wasikilizaji wasiojua Kiswahili, ni kitu gani hasa wanachokipokea, na je, yeye mwenyewe hubadilika kwa ajili yao? Majibu yaliyozoeleka ni mawili. Wapo wanaoona kwamba kusikika Ulaya ni fahari tupu, ushahidi kuwa dansi limekomaa. Wapo pia wanaoona kwamba msanii akishavuka bahari amekwisha kuuzwa. Rai zote mbili zinasahau jambo moja la msingi. Remmy Ongala alikuwa mwimbaji wa ng'ambo miaka kumi kabla hajakanyaga jukwaa la Uingereza.

Mashariki ya Lualaba

Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye mashabiki walimjua kama Dakta Remmy, alizaliwa Kindu mwaka 1947, wakati Kongo ilipokuwa koloni la Ubelgiji. Kindu ndio mji mkuu wa Maniema. Kusini yake, katika bonde la Lualaba, kuna Kasongo, na mashariki ya Kasongo, katika njia iendayo Ziwa Tanganyika, kuna Kabambare. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji ilivuka ziwa, ikapita Kabambare na kufika Kasongo, makao makuu ya Tippu Tip, na kuendelea hadi Nyangwe. Mwaka 1893 majeshi ya Dhanis yaliiteka Kasongo na utawala ule wa wafanyabiashara ukakoma. Lugha haikuondoka pamoja na utawala. Wangwana, yaani waungwana wa misafara na watu walioingia katika mila zao, waliiacha huko ikawa lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya msikitini, na mpaka leo inajulikana kwa jina lao: Kingwana. Akina Whitehead, wamisionari wa Kibaptisti, walikiandikia kitabu mwaka 1928, Manuel de Kingwana.

Wanaisimu wanakubaliana kwamba Kingwana cha Kasongo na Kabambare kiko karibu zaidi na Kiswahili cha pwani kuliko Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bunia. Upatanisho wa ngeli umehifadhiwa vizuri zaidi huko kuliko kwingine nchini Kongo. Hata hivyo Kiswahili cha Kongo, kwa jumla, kina alama zake ambazo sikio la Dar es Salaam huzidaka mara moja: udogo unaooneshwa kwa ka- na tu-, matumizi mapana ya "iko", irabu inayotangulia nomino fupi kama "inchi". Alama hii ya mwisho isichukuliwe kuwa ni kosa la watu wa bara. Maandishi ya karne ya 19 kutoka pwani nayo yaliandika "inchi", na inawezekana kabisa kwamba Maniema ilihifadhi kile ambacho Unguja ilikiacha.

Kwa nini basi mwimbaji wa Maniema hakubaki Kongo akaimba kwa lugha hiyo? Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini humo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Lakini katika muziki wa dansi Kilingala kilikuwa mfalme. Studio kubwa zilikuwa Kinshasa, na sifa ya Franco au ya Tabu Ley ilisafiri kwa Kilingala. Hata wimbo "Kasongo" wa Orchestra Super Mazembe, ambao wasikilizaji wa Kenya wanaujua kwa moyo, haumhusu mtu yeyote wa mji wa Kasongo: Kasongo ni jina la mtu, na wimbo umeimbwa kwa Kilingala. Mwenyeji wa mji huo angeusikia katika redio akageuza kichwa, kisha akakuta kwamba haitwi yeye, wala lugha inayoita si yake.

Kiswahili kilikuwa na nguvu ya dansi huko kilikotokea, mashariki. Mwaka 1978 Remmy alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, Mzee Makassy. Makassy alipohamia Nairobi, Remmy alibaki na kuingia Orchestra Matimila, bendi iliyopewa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo, ambayo baadaye ikawa Super Matimila. Hakuwa peke yake. Orchestra Maquis ilikwisha kutoka Lubumbashi kwa shabaha hiyo hiyo. Lugha iliyokwenda magharibi pamoja na pembe za ndovu na watumwa ikarudi mashariki pamoja na magitaa. Ni jambo la kushangaza kwamba historia za fasihi ya Kiswahili, zinazoueleza kwa marefu msafara wa kwanza, husema machache sana juu ya huu wa pili.

Ukaribu na umbali

Huko Dar es Salaam Remmy alikuwa mgeni anayezungumza lugha ya wenyeji. Hali hii inaonekana katika nyimbo zake, na pengine ndiyo siri ya mvuto wake. Yeye hakuimba kama mtunzi wa mashairi ya Tanga au Mombasa, ambaye kila neno lake limepimwa kwa mizani na vina. Aliimba kama mtu anayesimulia barazani. Sentensi zake ni fupi, msamiati wake ni wa kila siku, na mara nyingi hauimbi ujumbe bali anausema huku magitaa yakitembea chini ya sauti. Mhakiki aliyelelewa katika ushairi wa arudhi anaweza kuona huko upungufu wa fani. Kosa ni la kipimo chake. Sanaa ya Remmy iko katika usemaji: katika kuvuta neno, kulirudia mpaka libadilike maana, kumwita msikilizaji kana kwamba yuko mbele yake.

Aliyaita mapigo yake "ubongo", kwa dai kwamba ni muziki wa kufikiri nao. Dai hilo si la majivuno tu. Muundo wa wimbo wa Super Matimila ni ule wa dansi kwa jumla: mwanzo wa taratibu wenye maneno, kisha chemko, pale kasi inapopanda na magitaa kuchukua nafasi ya mwimbaji. Wakongo hukiita sehemu hiyo sebene, na katika nyimbo nyingi za Kinshasa za miaka ya 1980 maneno yalikuwa ni mlango wa kuifikia. Kwa Remmy mlango ndio nyumba. Watu walikaa vitini wakisikiliza, wakicheka, wengine wakinyamaza, ndipo wakainuka.

Kinachozifanya nyimbo hizi zifanye kazi ni kwamba sehemu kubwa ya maana iko kwa msikilizaji. Tuchukue jina la wimbo mmoja tu, "Kipenda Roho". Mswahili akilisikia humalizia mwenyewe: hula nyama mbichi. Nusu ya methali imeachwa nje kwa makusudi, nayo inakuja na ukali wake wote, kwamba mapenzi hayangoji chakula kiive wala hayaulizi watu watasema nini. Anayesoma tafsiri ya jina hilo huona maneno ya upole kuhusu moyo na kile unachokipenda. Nyama mbichi haipo.

Au "Mambo kwa Soksi". Wimbo huu ulizuka wakati ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza watu na viongozi wakiuzungumzia kwa mafumbo. Remmy naye alitumia fumbo, lakini fumbo lililo wazi kuliko tamko lolote la wizara: soksi ni kondomu. Redio Tanzania haikuupiga. Kanda ziliupeleka kila mahali, na watoto wa shule wakawa wanajua maana ya soksi. Hapa lugha ya mafumbo, ambayo kwa kawaida huficha, imetumika kufichua. Na redio, kwa kuukataa wimbo, ilithibitisha kwamba umeeleweka. Haiwezekani kuhamisha tukio kama hilo. Mzungu aliyeusikia wimbo huo katika tamasha hakuwa na redio iliyoukataa kwa niaba yake.

Kilichovuka na kilichobaki

Nyimbo za Super Matimila zilifika Uingereza kwa kanda kabla ya bendi yenyewe. Shirika la WOMAD, ambalo lilianza matamasha yake mwaka 1982, lilitoa mkusanyo ulioitwa Nalilia Mwana mwaka 1988, na bendi ikaalikwa katika ziara za shirika hilo. Mwaka uliofuata ikaja albamu ya Box, na mwaka 1992 ikaja ya pili, Mambo.

Isisemwe kwamba bendi haikupata kitu. Nchini Tanzania wakati huo bendi ilirekodi katika Redio Tanzania, ikalipwa ujira mdogo, na nyimbo zikawa mali ya hewani. Aliyezitaka nyumbani alizinunua kwa wauza kanda waliozinakili bila kumlipa yeyote. Studio ya Wiltshire iliipa bendi kile ambacho haikuwa nacho, yaani sauti safi ambamo kila gitaa linasikika mahali pake. Mtu akisikiliza "Karola" katika albamu hiyo anausikia mfumano wa magitaa ambao katika kanda za mitaani ulikuwa umezama katika mvumo. Hata msikilizaji wa Sinza alipata kuisikia bendi yake upya.

Lakini albamu ile ile imepunguza muda wa kusema. Nyimbo zimesogezwa kuelekea chemko, na hili linaeleweka: hadhira isiyojua maneno haiwezi kutakiwa ikae kitini. Ilitokea hivyo hivyo kwa Mkongo aliyemtangulia. "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda, iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, iliimbwa kwa Kiswahili cha Katanga, na ikawa maarufu ng'ambo kwa sababu ya vidole. Wapiga gitaa wa Ulaya waliuchambua mpigo wake noti kwa noti. John Low, Mwingereza aliyekwenda Shaba kujifunza mitindo hiyo na kuandika juu yake mwaka 1982, alikwenda kwa ajili ya gitaa kwanza. Maneno yalikuwa kama harufu ya chakula kinacholiwa na wengine.

Tofauti kati ya Bosco na Remmy ni kwamba Remmy aliliona pengo hilo na akajaribu kulijaza. Katika Mambo nyimbo kadhaa zimeimbwa kwa Kiingereza, miongoni mwao "One World". Nia yake ilikuwa njema: alitaka aeleweke. Matokeo yake, kwa maoni ya makala haya, ni sehemu dhaifu kabisa ya kazi zake zote. Si kwa sababu Kiingereza chake ni kibovu. Kiingereza kibovu kingeweza kuwa na ladha yake. Ni kwa sababu katika Kiingereza hana barazani pa kukaa. Hana methali ya kuikata nusu, hana fumbo ambalo redio italiogopa, hana msikilizaji wa kummalizia. Analazimika kusema kila kitu, na mtu anayesema kila kitu husema mambo ya jumla: dunia ni moja, watu wapendane. Ukiweka wimbo huo kando ya "Mrema" katika albamu ile ile, tofauti ni kubwa mno. "Mrema" unamtaja kwa jina Augustino Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, mtu ambaye kila nyumba ya Tanzania ilikuwa na lake la kusema juu yake. Kwa mgeni jina hilo ni sauti tupu. Kwa mwenyeji ni ugomvi uliokwisha kuanza.

Inafaa hapa kulinganisha na bendi ambayo haina uhusiano wowote na Afrika. Runrig iliundwa mwaka 1973 katika kisiwa cha Skye, Uskoti, na albamu yake ya kwanza, Play Gaelic ya mwaka 1978, iliimbwa kwa Kigaeli, lugha ambayo hata nchini mwake ina wasemaji wachache, makumi machache ya maelfu. Baadaye ilichanganya Kigaeli na Kiingereza, ikapata mashabiki wengi Ujerumani na Denmark, nchi ambazo watu wake hawana Kigaeli hata kidogo. Mwaka 1995 wimbo wake wa Kigaeli, "An Ubhal as Àirde", uliingia katika nyimbo 20 za juu nchini Uingereza, ukisaidiwa na tangazo la bia. Bendi iliagana na mashabiki wake mjini Stirling mwaka 2018.

Ulinganisho huu unaonesha kwamba ukubwa wa lugha hausaidii kitu jukwaani ng'ambo. Kiswahili chenye wasemaji mamilioni na Kigaeli chenye wasemaji wanaoweza kuhesabika husimama sawa mbele ya Mdenmarki: vyote viwili ni sauti. Kinachotofautiana ni mzigo ambao lugha imepewa. Kwa Runrig kuimba kwa Kigaeli tu, kwa wimbo wowote uwao, kulikuwa ni tamko, kwa kuwa lugha yenyewe ilikuwa hatarini, na tamko hilo mgeni aliweza kulipokea bila tafsiri. Kwa Remmy, Kiswahili hakikuwa tamko. Kilikuwa chombo tu, kama jembe, na jembe lisiloonwa likilima halivutii. Kwa hiyo hasara yake ilikuwa kubwa zaidi, ingawa lugha yake ndiyo kubwa.

Werner Graebner, katika makala aliyoyatoa mwaka 1997 kuhusu nyimbo hizi, aliuliza muziki huu ni wa nani. Remmy mwenyewe ana wimbo katika albamu ya 1989 uitwao "Muziki Asili Yake Wapi". Maswali haya yameulizwa kwa kutazama pande mbili, Dar es Salaam na Ulaya. Upande wa tatu haujaulizwa. Msikilizaji wa Kasongo au wa Kabambare hahitaji tafsiri ya "Kipenda Roho", wala haitaji kuelezwa mnyonge ni nani. Eneo lililopitiwa na uasi wa mwaka 1964 na vita vya kuanzia mwaka 1996 linamjua mnyonge kwa sura. Yeye si hadhira ya nyumbani, kwa kuwa Mrema si waziri wake na Redio Tanzania si redio yake. Yeye si hadhira ya ng'ambo pia, kwa kuwa anaelewa kila neno. Nadharia zetu za hadhira, zenye vyumba viwili tu, hazina pa kumkalisha. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angefanya vyema kupeleka kinasa sauti huko, akaketi na wazee na vijana, akawapigia nyimbo hizi na kuandika wanachocheka, wanachonyamazia, na neno gani wanasema ni lao.

Remmy aliacha dansi katika miaka yake ya mwisho akaimba nyimbo za injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Mtaa aliokaa una kituo cha basi kiitwacho Sinza kwa Remmy, na makondakta hulitaja jina hilo mara nyingi kwa siku kuliko redio yoyote. Amekuwa mwenyeji hata akawa mahali. Lakini katika jalada la Mambo, kati ya majina ya Kiingereza, upo wimbo wa Kiswahili kuhusu nchi, na jina lake halikuandikwa kama kamusi ya Dar es Salaam inavyotaka. Limeandikwa "Inchi Yetu".